Lilichemsha mlimani, likapoa kwenye foleni

Gari lenyewe ni sedani ya mwaka 1996, injini ya petroli ya silinda 4, ujazo wa lita 1.6, bloki ya chuma na hedi ya aluminiamu, limekwisha tembea zaidi ya kilomita 280,000. Mwenyewe ni mzee anayelijali gari lake kwa dhati. Alilileta na maneno machache: "Fundi, wenzako wameniambia gasketi ya hedi imeungua, nifungue injini. Kabla sijafungua nataka jicho la pili." (Hedi ni kichwa cha injini kinachokaa juu ya bloki, na gasketi yake ni kizibo chembamba kati ya viwili hivyo.)

Naandika kisa hiki kirefu kwa sababu kabla ya kufika kwangu gari lilipita mikono mitatu, na kila mkono uliacha alama yake. Fundi wa kwanza aliitoa themostati, ile vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende kwenye rejeta, akaitupa. Wa pili akabadilisha kifuniko cha rejeta na kuunganisha feni ya umeme moja kwa moja, ikawa inazunguka muda wote ufunguo ukiwashwa. Wa tatu akaisukutua rejeta, na gari lilipochemsha tena baada ya siku mbili akasema basi, ni gasketi. Ukilitazama kila tendo peke yake, halina ubaya mkubwa. Tatizo ni kwamba yote yalifanyika kabla mtu hajapima kitu chochote, na kila moja lilifuta sehemu ya ushahidi. Nilipolipokea, nilikuwa naangalia ugonjwa wa mwanzo uliofunikwa na dawa tatu.

Maswali kabla ya spana

Nilimuuliza mzee linachemsha lini. Akafikiri kidogo. "Kwenye foleni halichemshi kabisa. Nikipanda mlima mrefu, au nikienda mwendo wa 100 kwenye barabara kuu kama dakika ishirini, mshale unapanda. Nikianza kushuka mteremko, unarudi wenyewe."

Jibu hilo lina thamani kuliko nusu ya vifaa nilivyonavyo. Feni kazi yake ni kuvuta hewa kupita kwenye rejeta gari likiwa limesimama au linatambaa. Ukishafika mwendo wa kilomita 50 au 60 kwa saa, upepo wa mbele unatosha, na feni haina tena la kufanya. Kwa hiyo gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa barabarani, shuku feni, switchi yake, au uchafu kwenye mapezi ya rejeta. Linalochemsha likibeba kazi na kupoa likipumzika, shuku mzunguko wa maji: rejeta iliyoziba kwa ndani, mpira unaobonyea, themostati, pampu. Au gasketi, ndiyo, maana nayo hujitokeza zaidi injini ikikazwa. Hapo tayari nilijua kuwa ile feni iliyounganishwa moja kwa moja haikuwa imetibu kitu.

Sababu ya mlima kuumbua mfumo ni rahisi. Karibu theluthi moja ya nishati ya mafuta yanayoungua huishia kwenye maji ya kupoza. Injini ikizunguka bila kubeba kazi mafuta ni kidogo, na hata mzunguko dhaifu wa maji unatosha. Mlimani mafuta yanayoungua ni mara nyingi zaidi, na udhaifu uliojificha mjini unajitokeza wote.

Nikauliza kama maji yanapungua. Yanapungua, akasema, karibu lita moja kwa wiki, na chini ya gari hapadondoki hata tone. Anaongeza nini? Maji ya bomba, mwaka wa nne sasa, tangu kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) ya mwisho ilipoisha. Na hita je, inatoa joto? "Hiyo ilikufa zamani. Vuguvugu tu."

Hapo kwenye hita ningepaswa kukaa muda mrefu zaidi kuliko nilivyokaa. Hita ni rejeta ndogo ya kupasha joto ndani ya gari, inayolishwa na pampu ileile ya maji inayolisha rejeta kubwa. Mshale ukiwa juu na hita ikawa vuguvugu, ama maji hayatoshi, ama hayazunguki, ama hita yenyewe imeziba. Niliandika jibu lile kwenye daftari, nikasonga mbele.

Kuisikiliza tuhuma ya gasketi

Gasketi ndiyo iliyokuwa inashtakiwa, nayo ndiyo hukumu nzito kuliko zote, kwani ukishaitoa unafungua hedi. Niliamua ithibitishwe au isafishwe kwanza. Gari lililala kwangu, asubuhi nikafungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi kabisa. Kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa, hata taratibu: maji yaliyofungiwa kwa shinikizo la baa 0.9 hayachemki mpaka yafike karibu nyuzi 118, na ukiyaondolea shinikizo ghafla yakiwa juu ya nyuzi 100 yanalipuka kuwa mvuke palepale. Nimeona mikono iliyoungua hivyo, na sitaki kuona mwingine.

Maji yalikuwa na rangi ya chai nzito. Hiyo ni kutu ya bloki. Hayakuwa na mafuta juu yake. Dipstiki, fimbo ya kupimia oili, ilitoka na oili safi, na chini ya kifuniko cha oili hapakuwa na utando kama maziwa. (Utando huo ukionekana peke yake usikuogopeshe sana, gari la safari fupifupi hukusanya unyevu pale hata gasketi ikiwa nzima.) Nikatoa plagi zote 4. Silinda inayoingiza maji huosha plagi yake, ikatoka safi isivyo kawaida ukiilinganisha na wenzake. Hizi zilikuwa na kahawia moja, hafifu, zote nne. Mgandamizo wa silinda ulisoma kati ya baa 11.6 na 12.1. Kwa injini ya umri huo, hizo ni namba za kuheshimika.

Kisha nikaiwasha ikiwa baridi na kushika mpira wa juu wa rejeta. Gesi ya mwako ikivuja kwenda kwenye maji, mpira hukaza ndani ya dakika moja au mbili, maji yakiwa bado baridi, kwa sababu shinikizo halisubiri joto. Huu ulibaki laini, ukakaza polepole kadiri joto lilivyopanda. Mwisho nikatumia ile dawa ya buluu inayowekwa kwenye kichupa juu ya mdomo wa rejeta na kuvutiwa hewa ya humo. Ikikutana na kaboni dayoksaidi hugeuka njano. Nilivuta dakika tano injini ikiwa ya moto, ikabaki buluu.

Kipimo kimoja nisingekiamini. Kuna ufa wa gasketi unaofunguka injini ikikazwa tu, na hapo dawa hudanganya. Lakini vipimo vitano vilivyosema jambo moja vilinitosha kumwambia mzee kwamba hedi haifunguliwi, si leo.

Maji yanaenda wapi, basi

Nilifunga pampu ya mkono kwenye mdomo wa rejeta, nikajaza shinikizo la baa 0.9, nikaliacha robo saa. Mshale wa pampu haukutikisika. Mfumo hauvuji. Kifuniko nacho nilikipima, kikaachia shinikizo pale kilipoandikiwa.

Jibu lilikuwa kwenye kitu ambacho hakuna aliyekiangalia: kile kimpira chembamba kinachotoka kwenye shingo ya rejeta kwenda kwenye chupa ya akiba. Kilikuwa kimepasuka upande wa chini, mahali kinapopinda. Maji yakipanuka kwa joto, kifuniko huyasukuma kwenda kwenye chupa. Injini ikipoa, vali ndogo ya kifuniko hufunguka na kuyavuta yarudi. Kimpira kikiwa na ufa, yanayotoka hudondoka juu ya mabati ya moto na kukauka, na kinachorudi ni hewa. Lita moja kwa wiki, bila tone sakafuni.

Ufa huu ulieleza maji kupungua. Haukueleza kuchemka, maana mzee alikuwa akijaza kila asubuhi kabla ya safari, na mlimani mshale ulipanda vilevile. Hapa ndipo kazi nyingi za namna hii huharibika: umepata kasoro ya kweli, umeitengeneza, unaamini umemaliza. Nikabadilisha kimpira na kuendelea kutafuta.

Themostati na imani isiyo ya kweli

Themostati ilibidi irudi kabla ya kipimo kingine chochote. Kuna imani iliyoenea kwamba injini inayochemsha ikiondolewa themostati itapoa, na nyingine, iliyo kinyume chake, kwamba bila themostati maji hupita kwenye rejeta kwa kasi mno hata hayapati muda wa kupoa. Ya pili haina ukweli. Maji yakizunguka haraka zaidi, rejeta hutoa joto zaidi, si pungufu. Lakini kuiondoa kuna madhara ya aina nyingine. Kwenye injini nyingi, hii ikiwemo, themostati ina visahani viwili. Cha juu hufungua njia ya rejeta, na cha chini kwa wakati huohuo huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inaendelea kuzunguka ndani bila kuonja upepo. Fundi wa kwanza, kwa nia njema, alikuwa ameliongezea gari mzigo.

Nilinunua mpya ya nyuzi 82, nikaichemsha kwenye sufuria pamoja na kipimajoto kabla ya kuifunga. Ilianza kufunguka nyuzi 82 au 83, na kufika nyuzi 95 ilikuwa wazi kabisa. Hata mpya huichemsha. Nimewahi kukuta iliyotoka kwenye boksi ikiwa haifunguki. Nikajaza maji huku gari likiwa limeinuliwa upande wa mbele, vali ya hita ikiwa wazi, kifuniko kikiwa nje, mpaka mapovu yalipokwisha. Hewa ikibaki kwenye hedi itakupa kila dalili ya ugonjwa ambao gari halina.

Tukapanda mlima, mimi na mzee. Safari hii mshale ulichelewa kupanda, lakini ulipanda. Nikasimama juu, injini nikaiacha ikizunguka 2500 kwa dakika, nikatoka na kipimajoto cha infraredi, kinachopima bila kugusa.

Nyuzi 45 kati ya juu na chini

Hapa ndipo kisa kilipogeuka. Mpira wa juu ulisoma nyuzi 106. Wa chini, 61. Tofauti ya nyuzi 45.

Nilipima kwenye mipira yenyewe kwa makusudi. Kipimajoto cha aina hii hudanganywa na aluminiamu inayong'aa, husoma chini sana kuliko ukweli. Ukilazimika kupima chuma, bandika kipande cha utepe mweusi upime hapo.

Kwenye gari zima la aina hii nimezoea kuona tofauti ya nyuzi 8 hadi 15. Tofauti ikiwa ndogo huku joto liko juu, rejeta haitoi joto: hewa haipiti, au mapezi yameoza. Ikiwa kubwa kama hii, maji yanapoa sana ndani ya rejeta, kwa sababu yanapita humo kidogokidogo na kukaa muda mrefu. Shida ni wingi wa maji yanayopita. Kuna kitu kinazuia, au hakuna kinachosukuma.

Kinachozuia kwanza ni rejeta yenyewe. Nilipitisha kipimajoto kwenye uso wake wote kutoka upande wa maji ya moto hadi wa kutokea: joto lilishuka taratibu, bila kukuta ukanda wa baridi ulioachwa na mirija iliyoziba. Ilipopoa nikafungua mipira na kumimina maji juu. Yalitoka chini kwa wingi uleule nilioumimina. Fundi wa tatu aliisukutua vizuri, na namshukuru kwa hilo.

Kisha nikapoteza nusu siku. Mpira wa chini ulikuwa laini sana, na uliposhikwa haukuwa na ile springi ya ndani inayouzuia kubonyea. Kutu ilikuwa imeila ikabaki vumbi jekundu. Mpira huo uko upande wa kunyonywa na pampu, na ukiwa dhaifu hujifunga wenyewe injini ikikazwa. Nikaona nimempata mkosaji. Nikaubadilisha, tukapanda mlima, tofauti ikasoma nyuzi 44.

Nilirudi nikakaa na ule mpira wa zamani mkononi, ndipo nikakumbuka kuwa niliutazama mwenyewe injini ikizunguka 4000, kifuniko kikiwa wazi, na haukubonyea hata kidogo. Mpira laini namna ile, bila springi, bila shinikizo la kuujaza, ulipaswa kunywea japo kidogo. Haukunywea kwa sababu hapakuwa na kitu kinachounyonya. Na lile jibu la hita lilikuwa kwenye daftari tangu siku ya kwanza.

Nikafanya kipimo ambacho sasa nakifanya mapema. Injini ikiwa baridi, nikachomoa mpira unaotoa maji kwenye injini kwenda hita, yaani kabla hayajaingia kwenye hita, ili kuziba kwa hita kusinichanganye. Nikauelekeza kwenye ndoo, mzee akawasha kwa sekunde chache. Themostati ikiwa bado haijafunguka, maji karibu yote hayana njia nyingine ya maana zaidi ya hiyo na ile ya mkato, na ukikanyaga mafuta mkondo unapaswa kupata nguvu waziwazi. Ulitoka mkondo mwembamba kama wa bomba lililofungwa nusu. Nikamwambia akanyage. Injini ikanguruma, mkondo ukabaki vilevile.

Pampu iliyoonekana nzima

Hakuna aliyeishuku pampu, na kila mmoja alikuwa na sababu. Kwenye injini hii inaendeshwa na mkanda wa taiming, ule unaopatanisha vali na pistoni, imejificha nyuma ya kava. Haikuwa na kelele ya beringi. Kile kitundu chini ya mhimili wake, kinachotoa maji sili ikichoka, kilikuwa kikavu. Wengi wetu tumefundishwa kuwa pampu mbovu ama inavuja ama inalia. Isiyovuja wala kulia ni nzima.

Nilipoitoa, mhimili ulizunguka laini, sili nzuri. Ila pangaboi la ndani lilikuwa limekwisha. Mapanga yake sita ya bati la chuma yalibaki vishina visivyofika nusu ya urefu wa yale ya pampu mpya, kingo zimekuwa kali na zenye matundu, kama karatasi iliyotafunwa na mende. Pampu ya aina hii husukuma kwa mapanga kuyazungusha maji na kuyarusha nje, nayo lazima yapite karibu kabisa na ukuta wa nyumba yake. Nafasi ikipanuka, maji huteleza pembeni badala ya kusukumwa, na kuongeza kasi hakusaidii sana. Kwenye pampu nyingine pangaboi huwa la plastiki, na lenyewe hupasuka au kulegea likaacha mhimili uzunguke peke yake. Dalili nje ni hizihizi.

Kilichoyala ni ile miaka ya maji ya bomba. Kulanti watu wanaifahamu kama dawa ya baridi, na anayeendesha mahali pa joto huona haimhusu. Kumbe kazi yake kubwa kwa gari kama hili ni vizuia kutu vilivyomo. Maji matupu yenye hewa na madini huila bloki ya chuma, na vumbi la kutu linalozunguka husugua mapanga na sili kama msasa. Juu ya hapo, mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa ethilini glaikoli, kiungo kikuu cha kulanti, na maji huchemka karibu nyuzi 107 bila shinikizo lolote, kwa hiyo hata mlimani unakupa nafasi zaidi kabla mapovu hayajaanza kwenye hedi.

Nilimwonyesha mzee pampu mbili, ya zamani na mpya, akazishika kwa muda bila kusema. "Kwa hiyo nimeliua mwenyewe polepole," akasema. Nikamwambia hapana mzee, hakuna aliyekueleza kuwa maji yale yanatafuna chuma.

Tulichofunga

Pampu mpya na gasketi yake, pamoja na mkanda wa taiming na tensona inayoukaza, kwa sababu ukishafika pale kuurudisha mkanda wa zamani ni kujitakia kazi ileile mara mbili, na mkanda ukikatika kwenye injini nyingi vali hukutana na pistoni. Bloki niliisukutua mara tatu, themostati ikiwa nje na maji yakipita kinyume cha njia yake, mpaka yalipotoka bila rangi. Hita nayo nikaisukutua kinyume. Kulanti nusu, maji yaliyochujwa kwa mvuke nusu.

Feni niliirudisha kwenye switchi yake ya joto. Mzee alisita hapo; kwake feni inayozunguka muda wote ilikuwa usalama. Nikamweleza kuwa inachosha altaneta na mota yake bure, na baya zaidi, siku itakapokufa hatajua, maana hakuna tena tofauti ya kusikia. Switchi niliipima: iliwasha feni ikikaribia nyuzi 95, ikaizima kwenye 89.

Tulirudi mlima uleule, mzigo uleule. Juu nilipima mpira wa juu nyuzi 92, wa chini 81. Hita ilikuwa inapuliza joto hata tukafungua madirisha. Mshale ulikaa katikati, ingawa huo sikuutegemea sana: kwenye magari mengi ya miaka hiyo umetengenezwa utulie katikati kwa upana mkubwa wa joto, na ukianza kupanda ujue muda umeshapita.

Lililobaki ni hedi. Ya aluminiamu iliyochemshwa mara tatu au nne inaweza kupinda kidogo na kuanza kuvuja miezi baadaye, kwa hiyo nilimwambia mzee alirudishe baada ya kilomita 1000, na katikati aangalie chupa ya akiba kila Jumatatu asubuhi kabla ya kuwasha. Alirudi na karatasi yenye tarehe na alama za usawa wa maji, wiki sita mfululizo, mstari uleule. Dawa ya buluu ilibaki buluu. Kulanti ilikuwa imechukua weusi kidogo wa kutu iliyobaki kwenye pembe za bloki, nikaimwaga na kuweka nyingine.